Cal Ripken 1991: msimu wa dhahabu katika timu iliyolala

Tarehe 6 Oktoba 1991, Memorial Stadium mjini Baltimore ilikuwa inaagwa. Orioles walikuwa wamecheza besiboli pale tangu 1954, na mwaka uliofuata walikuwa wanahamia uwanja mpya. Wapinzani wa siku hiyo, Detroit Tigers, hawakuja kuomboleza: walikuwa mbele 7-1 mpaka mwisho. Mpigaji wa mwisho kusimama na gongo katika uwanja ule alikuwa Cal Ripken Jr. Frank Tanana akarusha, Ripken akagonga mpira uliotambaa chini, wadakaji wakauokota na kuwatoa watu wawili kwa mkupuo. Mchezo umekwisha, uwanja umekwisha.

Mwezi uliofuata, mtu huyohuyo akatangazwa mchezaji mwenye thamani kubwa kuliko wote katika American League, moja ya ligi mbili zinazounda ligi kuu ya besiboli ya Marekani (nyingine ni National League). Timu yake ilikuwa imeshinda michezo 67 na kupoteza 95, ya sita katika kundi la timu saba. Kabla yake hakuna mchezaji wa ligi ile aliyewahi kupewa tuzo hiyo akitoka timu iliyopoteza michezo mingi kuliko iliyoshinda.

Hapo ndipo kilipo kisa. Thamani ya mchezaji ni nini, ikiwa timu yake inafungwa siku tatu kati ya tano? Wakati ule wapo waliojibu kwa hasira, na hoja yao haikuwa ya kijinga. Lakini ili kuipima, lazima kwanza tuielewe nafasi aliyokuwa akicheza, kwa sababu nusu ya jibu imo humo.

Nafasi hiyo ni shotistopu. Kwa msomaji aliyekulia kwenye mpira wa miguu, nitasema hivi: ni namba sita. Uwanja wa besiboli una vituo vinne vilivyopangwa kama almasi, kila kimoja kiko mita 27 na nusu hivi kutoka kingine. Kituo cha kwanza, cha pili na cha tatu kila kimoja kina mlinzi wake. Shotistopu hana kituo cha kukilinda. Anasimama katikati ya cha pili na cha tatu, kwenye uwazi ule ambao wapigaji wa mkono wa kulia, walio wengi, wanaupenda kuliko wote. Mpira unamjia kwa kasi ukidunda kwenye udongo. Auokote, ageuke, aurushe kuvuka uwanja mpaka kituo cha kwanza, kabla mpigaji anayetimka hajakifikia. Yote hayo ndani ya sekunde nne na ushei. Akichelewa kwa kupapasa mara moja tu, mtu ameshafika.

Kwa hiyo kwa miongo mingi makocha waliweka pale watu wepesi, wembamba, wenye mikono ya mpishi wa chapati. Kupiga hakukuwa sharti. Akipiga, bahati, asipopiga, alisamehewa. Ozzie Smith, ambaye wengi wanamwona kuwa mdakaji bora kuliko wote waliopata kusimama pale, alipiga homurani 28 katika misimu 19. Homurani ni ule mpira unaovuka ukuta, na mpigaji anazunguka vituo vyote bila kusumbuliwa na mtu. Ozzie Guillén wa Chicago White Sox, mwingine aliyesifika kwa udakaji, naye alimaliza maisha yake ya uchezaji na 28.

Ripken alipiga 28 katika msimu wake kamili wa kwanza, 1982, akachukua tuzo ya chipukizi bora. Alikuwa na urefu wa mita 1.93. Ukimtazama ungesema huyu apelekwe kituo cha tatu, au cha kwanza, pale wanapowekwa watu wakubwa wenye nguvu na miguu mizito. Kweli alianzia cha tatu. Tarehe 1 Julai 1982 kocha mkuu Earl Weaver akamsogeza kwenye nafasi ya shotistopu, na hakumtoa tena. Uamuzi ule haukufuata kawaida, na bila huo kisa hiki kisingekuwepo.

Je, mtu mkubwa vile aliwezaje? Hakuwa na kasi. Alichokuwa nacho ni akili na mkono. Mkono wenye nguvu ulimruhusu kusimama nyuma zaidi kuliko wenzake, na anayesimama nyuma anapata muda wa kuuona mpira. Akili ilimwambia asimame wapi. Alikuwa anazijua ishara za mdakaji wa nyuma ya mpigaji, hivyo alijua mpira gani unakuja kabla haujarushwa. Aliwajua wapigaji na tabia zao. Akasogea hatua moja kushoto au mbili kulia wakati watazamaji wanakunywa bia. Mpira ukigongwa, unamkuta hapo. Wale waliokaa jukwaani waliona mpira rahisi. Hii ndiyo shida ya mdakaji aliyejipanga vizuri: kazi yake haionekani, kwa kuwa alishaifanya kabla hujaanza kutazama. Anayeruka na kujitupa chini ndiye anayepigiwa makofi.

Mwaka 1990 shida hiyo ilijionyesha waziwazi. Ripken alifanya makosa 3 tu msimu mzima. Matatu, katika michezo 161! Katikati yake alicheza michezo 95 mfululizo bila kosa hata moja, rekodi ya wakati ule kwa mtu wa nafasi yake. Tuzo ya Gold Glove, ambayo hutolewa kwa mdakaji bora wa kila nafasi na ambayo makocha ndio waliokuwa wakiipigia kura, ikaenda kwa Guillén. Mimi siioni sababu ya haki hapo. Naona mazoea: shotistopu anayestahili glavu ya dhahabu ni mwembamba, na anaruka.

Lakini 1990 ilikuwa na jambo jingine, na hilo ndilo lililokuwa mdomoni mwa watu. Tangu tarehe 30 Mei 1982 Ripken hakuwa amekosa mchezo hata mmoja. Tarehe 12 Juni 1990 alicheza wa 1,308 mfululizo, akampita Everett Scott, ambaye naye alikuwa shotistopu, akabaki nyuma ya mtu mmoja tu katika historia ya ligi kuu: Lou Gehrig wa Yankees na michezo yake 2,130. Ungedhani wakati ule mji ulikuwa unasherehekea. Mji ulikuwa unanung'unika. Wastani wake wa kupiga ulikuwa umeporomoka, na msimu ulimalizika kwa .250, yaani robo tu ya majaribio yake ndiyo yaliyozaa matunda. Ulikuwa wastani wake wa chini kuliko wote tangu awe mchezaji wa kudumu. Homurani zilikuwa 21.

Waliomlaumu walisema: amechoka, na amechoka kwa sababu hataki kukaa benchi, anaufukuzia mlolongo wake mwenyewe huku timu inaumia. Ni tuhuma nzito kumpa mtu wa Baltimore ambaye baba yake mzazi, Cal Ripken Sr., alitumikia klabu hiyo kwa miongo kadhaa. Tena ni baba huyo, akiwa kocha mkuu, ndiye aliyempumzisha mwanawe tarehe 14 Septemba 1987 mjini Toronto, Ripken akiwa amecheza awamu 8,243 mfululizo (mchezo mmoja una awamu tisa) bila kutoka uwanjani hata kwa awamu moja. Mlolongo wa awamu ukakatika, wa michezo ukaendelea. Mwaka uliofuata baba alifukuzwa kazi baada ya kupoteza michezo sita ya kwanza, na timu ikaendelea kupoteza mpaka ikafika 21 mfululizo. Mwana akabaki uwanjani, kila siku. Waswahili tunasema asiyekuwepo na lake halipo. Huyu alikuwepo, na lawama ikawa ni kule kuwepo kwenyewe.

Basi ndivyo alivyouingia mwaka 1991, akiwa na miaka 30, umri ambao shotistopu wengi huanza kutazamwa kwa jicho la huruma.

Klabu ilijaribu kumtafutia msaada. Januari walimleta Glenn Davis kutoka Houston Astros, mpigaji wa homurani ambaye angewatia hofu warushaji ili wasimkwepe Ripken. Walimlipia kwa vijana watatu: Curt Schilling, Pete Harnisch na Steve Finley. Mashabiki wa Orioles wa umri fulani bado hawapendi kuisikia orodha hiyo. Davis aliumia, akacheza michezo 49 tu, na wale watatu wakang'ara kwingine kwa miaka mingi. Warushaji wa Orioles nao walikuwa hoi. Hakuna timu ya American League iliyoruhusu mikimbio kwa wastani mbaya kuliko wao mwaka huo. Mkimbio ni alama anayoipata mtu akizunguka vituo vyote na kurudi nyumbani, pale anaposimama mpigaji. Frank Robinson, kocha mkuu, aliondolewa mwezi Mei timu ikiwa imeshinda 13 na kupoteza 24, nafasi yake ikachukuliwa na Johnny Oates. Haikusaidia.

Katikati ya jengo hilo linaloungua, Ripken alipiga kama mtu asiyesikia moshi. Timu ilicheza michezo 162, naye alicheza yote 162. Mapigo 210 yaliyomfikisha kituoni katika majaribio 650, wastani wa .323. Homurani 34. Aliwaleta wenzake nyumbani, pamoja na yeye mwenyewe, mara 114. Mapigo ya vituo viwili 46, ya vituo vitatu 5. Ukijumlisha vituo vyote alivyovipata kwa gongo ni 368, na hakuna aliyemfikia katika ligi yake. Namba ninayoipenda mimi ni ndogo kuliko zote hizo: alitolewa kwa kukosa mipira mitatu mara 46 tu. Watu wanaopiga homurani 34 kwa kawaida hukosa mara mia na zaidi, kwa sababu wanalivurumisha gongo kwa nguvu zote. Ripken mwaka ule alikuwa na nguvu ya mpigaji mkubwa na jicho la mpigaji mdogo, kwa wakati mmoja.

Shotistopu mwingine wa American League hakuwahi, kabla yake, kupata wastani wa .300, homurani 30 na kuleta mikimbio 100 katika msimu mmoja. Vern Stephens wa Boston alikaribia mwishoni mwa miaka ya 1940, wastani ukamwangusha. Katika National League ilimbidi mtu aende mpaka kwa Ernie Banks wa Chicago Cubs.

Julai wachezaji nyota walikutana Toronto, kwenye SkyDome. Siku moja kabla ya mchezo kulikuwa na shindano la homurani, na Ripken akavusha ukuta mipira 12 katika mipigo 22. Kesho yake, tarehe 9 Julai, katika awamu ya tatu alimpiga Dennis Martínez homurani iliyoleta mikimbio mitatu, American League wakashinda 4-2, na yeye akachaguliwa mchezaji bora wa siku. Mtu kushinda shindano na kisha tuzo ya mchezo, mwaka huohuo, lilikuwa jambo la kwanza kutokea.

Udakaji nao haukupungua. Makosa 11 katika mipira zaidi ya 800 iliyomhusu, na mara 114 alishiriki kuwatoa wawili kwa mpira mmoja, mara nyingi mwenzake wa kituo cha pili akiwa mdogo wake wa tumbo moja, Billy. Mwaka huu Gold Glove wakampa. Alikuwa ameongeza makosa manane juu ya yale ya mwaka uliopita, lakini sasa alikuwa anapiga .323! Ajabu ya kura za udakaji: zinalisikiliza gongo.

Turudi kwenye hoja ya wapinzani. Mgombea wao alikuwa Cecil Fielder wa Detroit: homurani 44, mikimbio 133 aliyoileta, hakuna aliyempita ligini kwa hesabu hizo mbili. Detroit walimaliza 84-78, sawa na Boston katika nafasi ya pili, wakimfukuzia Toronto mpaka majani yalipoanza kuanguka. Fielder alikuwa ameshika nafasi ya pili 1990 pia, baada ya kupiga homurani 51. Hoja ilikuwa nyepesi kueleweka: thamani ni kuisogeza timu kwenye ubingwa. Orioles bila Ripken wangemaliza wa sita au wa saba. Kuna tofauti gani?

Waandishi walimpa Ripken pointi 318, Fielder 286. Kura za nafasi ya kwanza zilikuwa 15 kwa 9. Si pengo kubwa. Naamini waligusa jibu sahihi, ingawa sina hakika wote walilifikia kwa njia sahihi.

Njia yangu ni hii. Fielder alikuwa mlinzi wa kituo cha kwanza, nafasi ambayo kila timu ina mtu mkubwa anayeweza kupiga. Ukimwondoa, utaweka mwingine atakayepiga homurani 20, nawe umepoteza 24. Ukimwondoa Ripken, shotistopu wa kawaida wa wakati ule anakupa homurani 5 na wastani wa .250, na bado huenda akadaka vibaya zaidi. Pengo linalobaki ni kama shimo la kisima. Tena Fielder mwenyewe alikuwa na wastani wa .261. Miaka ya baadaye wachambuzi walitengeneza hesabu inayojaribu kupima ushindi ambao mchezaji huongeza juu ya mbadala wa kawaida wa nafasi yake. Moja ya hesabu hizo, inayotumiwa sana, inampa Ripken wa 1991 ushindi 11.5. Msimu wenye ushindi 8 kwa hesabu hiyo unatosha kumfanya mtu mgombea wa tuzo. Sichukulii hesabu hizo kama msahafu, hasa kwa upande wa udakaji wa zamani, lakini hata ukizikata robo anabaki juu.

Na hoja ya timu mbovu? Gongo la shotistopu haliwezi kulaumiwa kwa mrushaji anayeruhusu mikimbio saba. Besiboli haina pasi. Nyota wa mpira wa miguu anaweza kuitafuta nafasi ya kuushika mpira mara hamsini. Mpigaji wa besiboli anasubiri zamu yake, mmoja kati ya tisa, kisha anakaa. Banks alishinda tuzo kama hiyo kule National League 1958 na 1959, Cubs wakiwa wamepoteza zaidi ya walivyoshinda miaka yote miwili. Yeye na Ripken, wote wawili shotistopu. Kwao, nafasi hiyo ndiyo iliyofanya jambo hilo liwezekane.

Swali la pili la kisa ni gumu zaidi, na hapa sitaki kudanganya kwa kuchagua mwaka unaonipendeza. Je, 1991 ilithibitisha kwamba kucheza kila siku hakumchoshi? Wapenzi wake walisema ndiyo, waliomlaumu wamefungwa midomo. Basi angalia 1992: michezo 162 tena, wastani .251, homurani 14. Katikati ya msimu ule alikuwa anajadiliana mkataba mpya, aliousaini siku ya kuzaliwa kwake, 24 Agosti: miaka mitano, dola milioni 30.5. Wengine wakasema ni mkataba uliomchanganya, wengine wakarudi kwenye uchovu. Mwili uleule, ratiba ileile, kwanza 1990, kisha 1991, kisha 1992. Matokeo yanapanda mlima na kuuteremka. Mimi nasoma hivi: mlolongo haukuwa sababu ya mabaya wala ya mazuri. Ripken alikuwa mtu wa kubadilisha namna ya kusimama na gongo kila mara, akilisogeza juu, chini, akikunja magoti, akiyanyoosha. Mwaka 1991 mkao ulimkaa. Hiyo haileti kichwa cha habari kizuri kama uchovu.

Mengine yalifuata kwa mpangilio wa kalenda. Julai 1993 alimpita Banks kwa homurani zilizopigwa na mtu akicheza shotistopu, ya 278. Alifika 345 kabla ya kuhamishiwa kituo cha tatu. Mwaka huohuo wa 1993, Juni, goti lilimgeuka kwenye rabsha na wachezaji wa Seattle, na kesho yake nusura asicheze. Alicheza. Mgomo wa 1994 ukafuta fainali za mwaka ule na mashabiki wakaichukia ligi. Kisha ukaja usiku wa 6 Septemba 1995, mchezo wa 2,131, Gehrig akapitwa. Alipiga homurani awamu ya nne, na nusu ya kwanza ya awamu ya tano ilipokwisha, mchezo ukahesabika rasmi, watu wakasimama wakashangilia dakika 22. Alikuwa anatoka, anainua mikono, anarudi kukaa, mpaka Bobby Bonilla na Rafael Palmeiro wakamsukuma aende kuuzunguka uwanja, akipeana mikono na watu wa kando ya ukuta. Mwaka 1996 akampita Mjapani Sachio Kinugasa na michezo yake 2,215. Tarehe 20 Septemba 1998, akiwa na 2,632, alimwambia kocha wake kwamba leo hachezi. Alichagua mwenyewe siku. Wachezaji wa Yankees, wapinzani, walipogundua, walitoka kwenye kibanda chao wakampigia makofi. Pigo la 3,000 lilikuja Aprili 2000 huko Minnesota. Mwaka 2007 wapiga kura 537 kati ya 545 walimwingiza kwenye ukumbi wa heshima wa besiboli.

Watu wanaukumbuka ule usiku wa 1995, na nawaelewa. Mimi ukinipa tiketi moja, nitachagua mchezo wowote wa Agosti 1991, jukwaa nusu tupu, Orioles wako nyuma kwa mitano, na yule mtu mrefu anasogea hatua mbili kulia kabla mpira haujarushwa.

Mwaka wake wa mwisho ulikuwa 2001. Kwenye mchezo wa nyota, tarehe 10 Julai mjini Seattle, alipangwa kituo cha tatu, kwa kuwa hakuwa tena shotistopu. Aliyepangwa shotistopu alikuwa Alex Rodriguez, naye mrefu, naye mpigaji, na miaka miwili baadaye angekuwa mchezaji mwenye thamani kubwa kuliko wote akiwa Texas, timu iliyoshika mkia wa kundi lake. Kabla ya mrusho wa kwanza Rodriguez akamwendea Ripken, akamsukuma kuelekea nafasi ile ya katikati ya cha pili na cha tatu. Ripken akabisha kidogo, kisha akaenda. Awamu ya tatu Chan Ho Park alimrushia mpira, wa kwanza tu, Ripken akauvusha ukuta. Alikuwa na miaka 40.